Ukimya Kabla ya Besi

Anayekwenda dukani kununua hedifoni kubwa, zile zinazofunika masikio, huuliza mambo mawili: besi yake ikoje na bei yake ni ngapi. Muuzaji hufungulia wimbo kwa sauti ya juu, mteja akatikisa kichwa, fedha zikatolewa. Swali lililopaswa kutangulia halikuulizwa: je, hedifoni hizi, zikikaa juu ya kichwa hiki changu, zinazuia kelele za nje kwa kiasi gani? Hedifoni zilizofungwa, yaani zile ambazo mgongo wa vikombe vyake hauna matundu, zilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ninapolinganisha hapa hedifoni chache zinazojulikana duniani, nitazipima kwanza kwa kipimo hicho, kwa sababu ndicho kinachoamua msikilizaji atapandisha sauti hadi wapi, na sauti iliyopandishwa mno ndiyo inayomaliza masikio.

Hesabu yake iko wazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, ITU, lilitoa kiwango cha usikilizaji salama: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda uleule kwa mtoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati inayofika sikioni huwa maradufu, kwa hiyo muda unaoruhusiwa hukatwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20. Desibeli 86 ni saa 10. Desibeli 89 ni saa 5, na desibeli 92 ni saa mbili na nusu tu kwa wiki nzima. Chukua mfanyakazi anayekaa ndani ya daladala saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku tano za juma. Kama ngurumo ya injini na redio ya dereva zinamlazimisha kusikiliza kwa desibeli 92, amemaliza fungu lake la wiki Jumanne asubuhi kabla hajafika kazini. Akipata hedifoni zinazomwezesha kushusha sauti hadi 83 na bado akausikia wimbo vizuri, saa zake 10 za safari ni nusu tu ya anachoruhusiwa. Tofauti hiyo haionekani kwenye boksi, na hakuna tangazo linaloitaja.

Hedifoni hazikuanza na muziki. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alizitengeneza jikoni kwake na mwaka 1910 jeshi la majini la nchi hiyo likaanza kuzinunua kwa ajili ya watu wa redio, ambao walihitaji kunasa ishara hafifu katikati ya kelele. Muziki ulifuata mwaka 1958, John Koss na mwenzake Martin Lange walipoonyesha Milwaukee santuri ya kubebeka ikiwa na hedifoni za stirio. Watu wakaipita ile santuri na kuzitaka hedifoni. Miaka kumi baadaye, 1968, Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, hedifoni za kwanza zilizo wazi, nyepesi, zenye sponji za njano. Walkman ya Sony ilipoingia sokoni Julai 1979 ilikuja na hedifoni za namna hiyo, nyembamba, zenye sponji laini isiyozuia chochote. Hapo ndipo ulipoanza mtindo wa kushindana na kelele za barabarani kwa kupandisha sauti. Zile zilizofungwa zilibaki kwa watu wa kazi: mafundi mitambo wa redio, warekodi sauti za filamu, wanamuziki studioni, madiski joka. Ndiyo maana nyingi kati ya zile bora mpaka leo zina sura ya vifaa vya kazi, na umri wake ni mkubwa kuliko wa wengi wanaozinunua.

Kufunga kikombe kuna gharama zake, na msomaji anastahili kuzijua kabla ya kuona majina. Kiwambo cha spika kinapotikisika hutoa sauti mbele, kuelekea sikioni, na nyingine kama hiyo nyuma. Katika hedifoni zilizo wazi ile ya nyuma hutoka na kupotea. Katika zilizofungwa inagonga plastiki na kurudi, na fundi asiyejua kazi yake atakuachia sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Kuzuia mrudisho huo kunahitaji sufi, umbo la kikombe lililofikiriwa, na vipimo vingi. Gharama ya pili ni upana. Hedifoni zilizo wazi humpa msikilizaji hisia kwamba wanamuziki wametawanyika mbele yake. Zilizofungwa huwakusanya karibu na kichwa.

Hasara hiyo ya pili, hata hivyo, haimgusi kila mtu kwa uzito mmoja. Stirio ilianza kuuzwa kwenye santuri za kawaida mwishoni mwa miaka ya 1950. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kila alichotuachia kina mkondo mmoja wa sauti, unaoingia sawasawa masikio yote mawili. Hali ni hiyo pia kwa sehemu kubwa ya zilipendwa zilizorekodiwa kwa ajili ya redio. Kwa muziki wa aina hiyo hakuna jukwaa pana la kupotea. Mpenzi wa taarab ya zamani na dansi ya miaka ya 1960 anaponunua zilizofungwa hapotezi kitu kikubwa, na anapata ukimya unaomruhusu kusikia maneno. Mwenye kupenda okestra kubwa za Ulaya zilizorekodiwa kwa stirio makini ana sababu nzuri zaidi ya kutafuta zilizo wazi, mradi chumba chake kiko kimya.

Kisha kuna suala la kuziba. Besi ya hedifoni zilizofungwa hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na sikio. Ikipatikana nafasi ndogo ya hewa kutoka, besi inaondoka nayo, na kelele za nje zinaingia kupitia mlango huohuo. Mikono ya miwani hutengeneza nafasi hiyo. Misuko minene hutengeneza kubwa zaidi. Hijabu au kilemba kikipita kati ya mto wa hedifoni na ngozi, kitambaa kinakuwa njia ya hewa. Kitambaa chepesi kilichovutwa vizuri huvuja kidogo, kizito chenye mikunjo huvuja sana. Watengenezaji hupima hedifoni zao kwenye kichwa cha bandia kisicho na nywele wala miwani, na wachambuzi wengi wanaosomwa duniani hawavai kilemba. Kwa hiyo mwanamke wa Zanzibar au Mombasa anayesoma kwamba hedifoni fulani zina besi nzito anasoma habari za kichwa kisichofanana na chake. Akizivaa akaiona besi imekonda, hakuna ubovu kwenye hedifoni wala kwenye masikio yake, hewa inavuja.

Jaribio la kugundua hilo ni rahisi na linafanyika dukani. Cheza wimbo wenye besi inayoeleweka, vaa hedifoni kama utakavyovaa siku zote, pamoja na miwani au mtandio wako, kisha bonyeza vikombe vyote viwili kichwani kwa viganja, taratibu. Besi ikibadilika kidogo tu, zimeziba. Ikiruka ghafla kuwa nzito, hazikuziba, na hazitaziba utakapofika nyumbani. Jaribio hili linafaa kuliko kurasa kumi za maelezo.

Za safarini nianze na Sennheiser HD 25, zilizotoka mwaka 1988 na zinazoendelea kutengenezwa. Hizi hazizunguki sikio, zinakaa juu yake na kulibana. Utepe wa kichwani umegawanyika mara mbili, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili mshiko uwe imara hata anayevaa akiinama au akigeuka haraka. Bila waya zina uzito wa gramu 140. Kikombe kimoja huzungushwa kikaachia sikio, jambo ambalo diski joka hulihitaji ili asikie ukumbi kwa sikio moja na wimbo unaofuata kwa jingine. Ubanaji huo ndio unaozuia kelele, na kwa kipimo changu cha kwanza, katika hedifoni ndogo zisizotumia betri, HD 25 ni vigumu kuzishinda. Zinahitaji umeme kidogo sana pia: volti 1 tu inazitosha kufika desibeli 120, kiwango ambacho hakuna anayepaswa kukitumia, lakini kinachoonyesha kwamba simu yoyote itaziendesha bila kuhangaika.

Sauti yake ni ya mbele, yenye besi inayopiga kwa nguvu na kukatika upesi. Kwa bongo fleva na singeli, ambako ngoma zinafuatana kwa kasi kubwa, ukatikaji huo ni neema. Pigo moja haliangukii jingine. Kasoro ni sikio lenyewe. Kubanwa kunavumilika kwa safari ya Mwenge hadi Posta. Kwa saa tatu mfululizo kunauma, na mwenye miwani huumia mapema zaidi. Sizipendekezi kwa jioni ya kusikiliza nyumbani. Lakini fadhila yake kubwa iko mahali pengine: kila kipande hutoka. Waya huchomolewa, mito hubadilishwa, utepe hubadilishwa, spika ya upande mmoja hubadilishwa bila kugusa ya pili. Kifaa cha safarini huanguka, hukaliwa, huvutwa waya na mtoto. Hedifoni zinazoweza kufunguliwa kwa mikono mitupu zitamaliza miaka mingi kuliko zilizogandishwa kwa gundi.

Sony MDR-7506 zilitoka mwaka 1991, zikiwa zimerithi umbo la MDR-V6 za 1985. Aliyewahi kuingia studio ya redio au kuona watu wa filamu wakiwa kazini huenda ameziona: nyeusi, zenye mstari wa buluu na waya uliojikunja kama springi. Zinazunguka sikio, japo kwa nafasi finyu, na hukunjika zikaingia mfukoni mwa begi. Ni za bei ya kati na zimekaa sokoni zaidi ya miaka 30 bila kubadilishwa kwa namna ya kutajika, kwa sababu zinafanya kazi moja vizuri: zinaonyesha makosa. Mkwaruzo wa nguo kwenye maikrofoni, pumzi ya mwimbaji, gitaa lililoingia nusu pigo baadaye, vyote vinasikika.

Ukali huo una bei yake kwa msikilizaji wa raha. Sauti za juu zimesukumwa mbele, na rekodi za zamani zilizonakiliwa kutoka kwenye santuri zina mkwaruzo mwingi katika eneo hilohilo. Wimbo wa miaka ya 1930 ndani ya 7506 unaweza kuwa mchanga mtupu. Katika taarab ya Zanzibar iliyorekodiwa vizuri mambo hugeuka: nyuzi za kanuni zinang'aa, kucha ya mpigaji inasikika inapogusa uzi, fidla zinatengana na akodiani. Waya wake mzito hauchomoki na unavuta kichwa unapotembea. Mito yake ya ngozi bandia huanza kubanduka vipande vyeusi baada ya muda, mapema zaidi kwenye joto na jasho la pwani. Mito mipya hupatikana kwa bei nafuu, na waya ukikatika fundi simu mwenye mkono mzuri huuchomelea mpya bila shida, kwani ndani hamna siri.

Za nyumbani ni hadithi nyingine. Beyerdynamic, kampuni iliyoanzishwa na Eugen Beyer mjini Berlin mwaka 1924 na kuhamia Heilbronn baada ya vita, ilitoa DT 770 mwaka 1985. Ni kubwa, nyingi zina mito ya kitambaa laini cha kijivu, na hazikunjiki. Kampuni inasema zinapunguza kelele za nje kwa takriban desibeli 18. Kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga ambako jirani ana televisheni na mwingine ana jenereta, hiyo ni tofauti kati ya kusikiliza na kusubiri usiku wa manane. Uvaaji wake ni wa starehe kuliko zote ninazozitaja hapa. Mto wa kitambaa hupitisha hewa kidogo na kunyonya jasho, na kwa anayeishi Tanga, Lamu au Muscat jambo hilo lina uzito kuliko maneno mengi ya kusifia sauti. Ngozi bandia saa mbili usiku wa Februari huacha masikio yameloa. Kitambaa huyaacha makavu kiasi, na unaweza kukivua ukakifua.

Watu wengi hukosea kwenye namba. DT 770 Pro huuzwa kwa ukinzani wa aina tatu: omu 32, omu 80 na omu 250. Imezoeleka kusemwa kwamba kubwa ndiyo bora, na wanunuzi hulipia 250 kisha wakalalamika kwamba muziki wa simu yao unasikika kwa mbali. Adapta ya kawaida ya kuchomekea hedifoni kwenye simu hutoa kama volti 1. Kwa volti hiyo, zile za omu 32 zinaweza kufika desibeli 111, za omu 80 kama 107, na za omu 250 kama 102. Hizo 102 ni kilele, na muziki uliorekodiwa kwa utulivu una wastani ulio chini sana ya kilele chake, ndiyo maana taarab au okestra husikika hafifu ilhali wimbo wa kisasa uliobanwa unasikika vizuri. Mwenye ampu nyumbani anaweza kuchukua 250 bila wasiwasi. Asiye nayo achukue 80, zenye waya wa mita 3 unaofika kwenye redio iliyo upande wa pili wa chumba, au 32 zenye waya wa mita 1.6 kama atatumia simu pekee. Toleo la mwaka 2024, lililotolewa kuadhimisha miaka 100 ya kampuni, lilileta omu 48 na waya unaochomoka, marekebisho yaliyochelewa kwa karibu miaka 40.

Kwa sauti, DT 770 hupandisha pande mbili, besi na sauti za juu, na kuziacha za kati nyuma kidogo. Muziki wa dansi huathirika hapo. Bendi ya dansi ina magitaa matatu na zaidi yanayozungumza kwa zamu: solo juu, ridhimu chini yake, na kati yao gitaa la pili linalofungamanisha wimbo mzima. Gitaa hilo la kati ndilo linalofichwa na besi iliyovimba. Ukitaka kujua kama hedifoni zinafaa kwa muziki wetu, achana na solo, ambayo spika yoyote itaitoa; fuata gitaa la pili kuanzia mwanzo hadi chemko. Likikupotea besi inapoingia, hedifoni hizo zilitengenezwa kwa ajili ya muziki mwingine. DT 770 halipotezi, lakini hulisogeza hatua moja nyuma. HD 25 hulishika vizuri zaidi, na AKG K371, zilizotoka mwaka 2019, hulishika kuliko zote.

Hizo K371 zinastahili neno, kwa sababu ni matunda ya utafiti kuliko ya mapokeo. AKG ilianzishwa Vienna mwaka 1947 na baadaye ikawa mali ya Harman ya Marekani, ambako Sean Olive na wenzake walitumia miaka kuwauliza wasikilizaji wa kawaida, waliozibwa wasijue wanasikiliza hedifoni gani, ni sauti ipi wanaipenda. Walichokipata ni kwamba watu wengi hupenda hedifoni zinazofanana na spika nzuri zilizowekwa katika chumba kizuri: besi imeinuliwa kwa kiasi, kisha mteremko wa taratibu kuelekea juu. K371 zilitengenezwa kuufuata mstari huo kwa bei ya kawaida. Udhaifu wake ni bawaba na uzibaji; kwa kichwa chembamba au chenye misuko vikombe vyake havikai barabara, na ule usawa mzuri unavuja wote. Kwa anayezibwa nazo sawasawa, sioni sababu ya kulipa mara tatu yake.

Kuhusu bei kwa jumla, Jeroen Breebaart alichapisha mwaka 2017 vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano wa maana kati ya bei ya dukani na usawa wa sauti. Bei hulipia vifaa vya kutengenezea, starehe, betri, jina. Ni mambo halali kulipia, mradi mnunuzi asidhani amenunua ukweli wa sauti.

Betri inatuleta kwenye hedifoni zinazofuta kelele. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, alivaa hedifoni za shirika la ndege na kuona ngurumo ya injini imemeza muziki wote. Akaanza kupiga hesabu humohumo ndani ya ndege. Kampuni yake ilitoa za marubani mwaka 1989 na za abiria wa kawaida mwaka 2000. Maikrofoni ndogo hunasa kelele, saketi ikatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yakikutana yanadhoofishana. Njia hiyo hufaulu sana kwa ngurumo nzito inayoendelea bila kubadilika, kwa sababu wimbi lake ni refu na saketi inapata nafasi ya kulijibu. Kwa sauti nyembamba na za ghafla, kosa dogo la muda huharibu hesabu, na hapo kazi inabaki kwa plastiki na mto.

Ugawaji huo wa kazi ni muhimu kuuelewa. Vikombe vilivyofungwa peke yake huzuia vizuri mlio wa breki, filimbi ya trafiki, maongezi ya kiti cha nyuma, ila huipitisha ngurumo ya injini. Saketi hufanya kinyume chake. Ndiyo maana Sony WH-1000XM4 za mwaka 2020, zikiwa na vyote viwili, humpa abiria wa basi la Dodoma au ndege ya Dubai ukimya ambao HD 25 haziwezi kuufikia. Kwa kipimo changu cha kwanza zinaongoza, na nasema hivyo bila kusita. Msikilizaji wa safari ndefu anayezitumia anaweza kushusha sauti kuliko mwingine yeyote, na masikio yake yatafaidika.

Kipimo cha pili, cha umri, ndicho kinachoziangusha. Betri inayodumu saa 30 ikiwa mpya hupungua mwaka hadi mwaka, kama betri zote za aina hiyo, na kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye subira. Hedifoni hizi hukubali waya, lakini saketi ikizimwa sauti yake hubadilika kuwa nzito na yenye ukungu. XM5 za mwaka 2022, tofauti na zile za kabla yake, hazikunjiki kabisa, uamuzi wa ajabu kwa kifaa cha safari, na XM6 za 2025 zikarudishiwa mkunjo. DT 770 za miaka ya 1990 zilizotunzwa bado zinapiga muziki leo. Sioni namna hedifoni za betri za mwaka 2020 zitakavyofika 2050. Mwenye kipato cha kununua mara moja katika miaka kumi alipime hilo kwa makini.

Lipo pia tatizo la feki, na ni kubwa kwenye masoko yetu. MDR-7506, Audio-Technica ATH-M50x na zile za Sony za kufuta kelele huigwa hadi boksi na karatasi ya maelezo. Bei iliyo nusu ya kawaida kwa kitu kipya kilichofungwa ni ushahidi tosha. Ishara nyingine ni uzito pungufu, mshono wa plastiki unaokwaruza kidole, herufi zinazofutika kwa ukucha, na besi inayovuma kwa noti moja tu hata mpiga besi akipanda na kushuka. Ukikuta hiyo ya mwisho, rudisha kitu mezani. Kununua zilizotumika kutoka kwa mtu unayemjua, kisha kuzibadilishia mito, ni salama kuliko kununua mpya zisizo na asili.

Na barabarani ziondoe. Hedifoni zinazofanya kazi yake vizuri zitazuia honi ya bodaboda vilevile zinavyozuia makelele mengine. Zimetengenezwa kwa ajili ya kiti cha abiria. Anayetembea kando ya barabara au kuvuka aziweke shingoni.

Hukumu yangu ni hii. Anayesafiri masaa mengi kwa ndege na mabasi, na anayeweza kununua tena baada ya miaka michache, achukue zinazofuta kelele. Anayepanda daladala kila siku, hana muda wa kuchaji na anataka kifaa cha kudumu, HD 25 ndizo zake, kama masikio yake yanavumilia kubanwa. Za nyumbani ni DT 770 za omu 80, hasa kwa wakazi wa pwani, isipokuwa kwa mpenzi wa dansi ambaye kichwa chake kinaziba vizuri ndani ya K371. Huyo achukue K371. Mwenye uwezo wa kununua moja tu kwa kazi zote, na ambaye anasikiliza zaidi rekodi za kisasa kuliko santuri za zamani, 7506 zitamhudumia kwa heshima na fundi wa mtaani ataziweza.

Zozote utakazochukua, weka sauti yake ukiwa chumbani kwenye ukimya, ikumbuke alama hiyo, na usiivuke kwa mengi ukiwa safarini. Ukivua hedifoni masikio yakawa yanavuma, ulisikiliza kwa sauti kubwa mno, na siku inayofuata shusha. Mvumo huo usipokoma kwa siku kadhaa, nenda hospitali yenye kitengo cha masikio ukapimwe, kwa sababu chembe za usikivu zikishakufa ndani ya sikio la binadamu hazioti tena.